Maji ya nyasi: mto umepungukiwa na kiasi gani hasa?

Bonde la Big Hole, kusini-magharibi mwa Montana, Marekani, linaishi kwa nyasi zinazokaushwa ziwe lishe ya mifugo majira ya baridi. Theluji ikiyeyuka, mabanio (malango ya kuchepushia maji ya mto mferejini) hufunguliwa na maji hutapakaa mbugani. Julai hufungwa, ardhi ikauke mashine ziingie kukata. Mto huohuo una samaki aina ya grayling wa Aktiki, ambaye karibu katoweka mitoni kwingine Marekani, ukiacha Alaska, na mwaka 1988 ulikauka karibu na mji mdogo wa Wisdom. Kwa hiyo kila lita ina mwenye kuihitaji.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba maji yote yaliyoingia mferejini yamepotea. Tuseme banio linachukua lita 300 kwa sekunde kwa hekta 100. Siku ya jua kali mwezi Juni, nyasi na udongo hupeleka hewani milimita 5 hivi. Milimita 1 juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10, kwa hiyo hekta 100 hupoteza mita za ujazo 5,000 kwa siku. Gawanya kwa sekunde 86,400: lita 58 kwa sekunde. Zilizobaki, 242, zinachuruzika juu ya ardhi au zimezama, na nyingi zitarudi mtoni.

Hapo una majibu mawili, na yote yaandikwe. Chini ya mahali maji yanaporudi, upungufu unakaribia 58, maji yanayorudi yakishatulia. Lakini kutoka kwenye banio hadi hapo, mto umepungukiwa na 300 kamili, na samaki aliye katika kipande hicho hasaidiwi na maji yatakayorudi kilomita 5 mbele. Anayepima majaruba ya mpunga ya Usangu dhidi ya mto Ruaha Mkuu, Tanzania, atakutana na mtego huohuo.

Kisha toa kile ambacho ardhi ingekunywa bila mfereji. Kama eneo kavu la jirani linatumia milimita 1.5, umwagiliaji umeongeza 3.5 tu, yaani lita 41 hivi. Ila kandokando ya mto, maji ya chini ya ardhi yakiwa karibu na mizizi, mimea hunywa hata banio likifungwa, na tofauti hiyo hupungua sana. Picha za setilaiti za Landsat husaidia kulinganisha, lakini acha vipande vya picha (pikseli) vya pembeni mwa shamba: kila kimoja kina upana wa mita 30 na huchanganya nyasi na vichaka.

Mferejini, kipimo kinachotumika sana ni flumu ya Parshall, yaani kijia cha maji chenye koo jembamba, ambamo kina cha maji huonyesha kiasi kinachopita. Yenye koo la sentimita 30.5, kina cha maji kikiwa sentimita 15, hupitisha lita 38.5 kwa sekunde. Kikiwa 16, lita 42.5. Sentimita moja tu, asilimia 10! Baridi huinua udongo na kuilaza flumu upande, kwa hiyo ipimwe kwa pimamaji kila mwanzo wa msimu. Majani yakiziba upande wa kutokea, maji hurudi nyuma na kusoma kina kimoja hakutoshi tena.

Njia ya kupima mto juu na chini ya bonde, kisha kutoa kipimo cha chini kwenye cha juu, inavutia, lakini Juni haifai. Mto ukiwa na lita 10,000 kwa sekunde, kosa la kawaida la asilimia 5 ni lita 500, kubwa kuliko kitu chenyewe unachokitafuta. Subiri maji yashuke, pima na kila kijito kinachoingia katikati, siku moja.

Wakati mzuri kuliko wote ni mabanio yanapofungwa. Soma kipimo cha chini kila siku kwa wiki sita: mto hupanda ghafla, halafu hushuka taratibu kadiri maji yaliyozama mbugani yanavyokwisha kurudi. Kasi ya kushuka huko ndiyo inayoonyesha ni kiasi gani cha maji ya Juni kimefika Agosti.