Siku Moja Kwenye Shimo la Jenereta, Ghuba ya Msasani

Saa 12 asubuhi. Fundi wa jenereta za boti hapigiwi simu na mtu mwenye furaha. Leo ni kapteni wa boti ya kuvulia iliyotia nanga ghuba ya Msasani, Dar es Salaam. Stata, mota ya kuwashia, inazungusha jenereta lakini haiwaki, wageni wanapanda saa 9 alasiri, na friji imejaa chambo. Sijauliza lolote, jibu analo tayari: betri imekufa. Namwomba jambo moja tu, mtu yeyote asiguse swichi ya kuwashia mpaka nifike. "Sawa fundi." Kabla hajakata simu nasikia stata ikilia nyuma yake.

Ombi hilo wengi hulichukulia kama maringo ya fundi. Injini ya jenereta ya boti kwa kawaida hupozwa kwa maji ya bahari. Pampu yenye impela ya mpira (gurudumu la mabawa) huyavuta kupitia koki iliyo chini ya boti, yanapita kwenye kipoza joto, kisha yanamwagwa ndani ya bomba la ekzosi na kukusanyika kwenye sailensa. Kinachoyatoa nje ni msukumo wa moshi. Injini isipowaka hakuna moshi, lakini kila stata inapozunguka pampu inaongeza maji. Sailensa inajaa, maji yanapanda bomba, yanapita kwenye vali za kutolea moshi na kukaa juu ya pistoni. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta njiani, konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda, na tatizo ambalo lingemalizwa na kifaa cha elfu mbili linageuka kuwa injini nzima. Ndiyo maana namwambia mtu aache swichi.

Saa 1. Kupakia sanduku: mita ya umeme, spana namba 10 hadi 19, soketi, msasa laini, washa za shaba, mfuko wa oringi (pete za mpira za kuziba), vichwa vya waya, hozi ya plastiki inayoonyesha ndani, dumu la lita 5 la dizeli safi, taa ya kichwani. Ni bamvua, maji yamekupwa sana leo, kidau hakifiki pwani, kwa hiyo sanduku linapanda begani na miguu inaingia kwenye tope.

Saa 2 na nusu, ndani ya boti. Swali la kwanza huwa hilohilo: mara ya mwisho iliwaka lini, na nini kimeguswa tangu hapo? "Hakijaguswa kitu, fundi." Baharia kijana aliyesimama nyuma ya kapteni anatazama sakafu. Kwenye ndoo ya taka kuna filta ya dizeli ya zamani, bado imelowa. Sisemi kitu.

Nafunga koki ya maji ya bahari. Natoa kebo hasi ya betri, maana mikono inakwenda karibu na mkanda na huko juu kuna mtu anayependa swichi. Nafungua plagi ya chini ya sailensa: ndoo ya lita 10 inajaa na maji bado yanatoka. Stiki ya oili inaonyesha oili nyeusi ya kawaida. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameshafika huko, na ingebidi kumwaga oili na kubadilisha zaidi ya mara moja. Kisha soketi kwenye boliti ya puli ya krenki, shafti kuu ya injini, naizungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, ili kila pistoni ipite hatua zake zote nne. Inazunguka laini. Ingegoma ghafla katikati, ningetoa hita plagi (plagi za kupasha joto silinda) zote tatu na kuendelea kuizungusha polepole kwa mkono hadi maji yatoke kwenye matundu. Leo yameishia kwenye bomba.

Saa 3 na nusu, umeme. Narudisha kebo hasi. Betri ikiwa imetulia inasoma volti 12.3, si mbaya kwa betri iliyoteswa asubuhi nzima. Stata ikizunguka kwa sekunde 5 tu (koki imefungwa, na impela ya mpira haipendi kuzunguka kavu), kwenye vichwa vya betri nasoma 10.4. Kwenye stata yenyewe nasoma 8.7. "Si nilisema!" anasema kapteni. Hajapatia. Volti 1.7 zinapotea njiani, na betri mpya ingepoteza zilezile. Mguu mmoja wa mita nauweka kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye chuma cha injini, stata inazunguka: 1.3. Upande wa chanya ni 0.4. Upande mmoja ukizidi nusu volti kuna kiungo kibovu, na hapa ni upande wa hasi. Nati namba 13 nyuma ya injini, chini yake shaba imeota kutu ya kijani. Msasa, kaza, paka grisi juu. Stata sasa inapata volti 10 na inazunguka kwa kasi inayotakiwa.

Bado haiwaki.

Kabla ya kuingia gharama, tazama ekzosi wakati stata inazunguka. Ukiona moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui, basi angalia hita plagi, kasi ya stata na mgandamizo. Usipoona moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda, na kubadilisha hita plagi ni kutupa pesa. Hapa moshi hakuna kabisa.

Solenoidi, vali ya umeme ya kukatia dizeli: hii inahitaji umeme ili ifungue, na inaupata, mlio wake unasikika. Kuna jenereta ambazo zimekaa kinyume, umeme unazizima, kwa hiyo jua unayo ipi kabla hujaanza kupima. Swichi ya dharura ya kuzimia haijabonyezwa. Tunakwenda kwenye dizeli.

Hapa saa inaanza kupotea. Shimo la jenereta halikujengwa kwa ajili ya binadamu. Unalala ubavu juu ya mbao, goti kwenye maji yaliyotuama chini ya boti, bega kwenye bati la kuzuia kelele, jasho linaingia machoni na mkono ulio huru ni mmoja. Bakuli la kitenganisha maji nalimwaga kwenye chupa ya kioo: robo kikombe cha maji chini, dizeli juu, na ute mweusi kidogo katikati, ule unaoota tangi likikaa nusu tupu kwa muda mrefu. Haya peke yake yangeweza kuisumbua injini, lakini si sababu ya leo. Pampu ndogo ya umeme inagonga haraka haraka. Ikiwa na dizeli kugonga kwake kunakuwa kwa taratibu, ikigonga hivi inapampu hewa.

Naweka hozi inayoonyesha ndani baada ya pampu. Mapovu, mfululizo. Sasa uitafute hewa. Upande wa kuvuta una ubaya wake: tundu halidondoshi tone hata moja, kwa sababu pampu inanyonya. Unaweza kupangusa kila kiungo kwa kitambaa cheupe, kikatoka kikavu, na hewa ikaendelea kuingia. Njia ya uhakika ni kuruka. Nachomoa mpira wa tangi na kuuingiza wa pampu moja kwa moja kwenye dumu la dizeli safi. Mapovu yanaisha. Pampu ni nzima, kosa liko kati yake na tangi. Unarudisha kipande kimoja kimoja, kila mara unasubiri na kutazama hozi.

Katika kusubiri huko ndiko kapteni anaishiwa subira. Anaita kutoka juu: "Fundi, bado tu?" Baada ya dakika mbili tena. Anampigia bosi, bosi anataka betri mpya inunuliwe Kariakoo sasa hivi. Kisha naletewa simu ndani ya shimo: kuna fundi mwingine, hajaiona boti, anasema pampu kubwa ya kusukuma dizeli imekufa, ishushwe ipelekwe kupimwa. Namjibu kwa adabu kwamba pampu hiyo haijapewa dizeli ya kusukuma. Kapteni anauliza kama kunyunyiza dawa ya kuwashia kwenye chujio la hewa hakutasaidia. Hapana. Injini yenye hita plagi ikipewa dawa hiyo inaweza kulipuka humohumo kwenye bomba la hewa. Simu inarudi juu, dakika tano zinapita, inashuka tena.

Kipande cha mpira kutoka tangini, safi. Kitenganisha maji, safi. Kichwa cha filta, mapovu yamerudi.

Nafungua filta mpya. Oringi ya zamani imeganda kwenye kichwa, na mpya imekaa juu yake. Kwa macho filta imekaza vizuri, kwa mkono imekaza, lakini mpira juu ya mpira haukai sawa na hewa inapata njia. Baharia kijana anachungulia, anasema taratibu: "Niliibadilisha jana, kaka. Sikujua inabaki." Filta ameivua na kuifunga vizuri kuliko wengi, ila hakupitisha kidole kwenye kichwa kuhesabu oringi.

Kutoa hewa ni kazi ya mpangilio. Skrubu ya juu ya filta ya pili, nusu mzunguko, pampu inafanya kazi hadi povu likome, kaza. Skrubu ya pampu kubwa, vivyo hivyo. Halafu nati za nozeli zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, namba 17, legeza mzunguko mmoja, stata sekunde 5, pumzika nusu dakika, rudia hadi dizeli itoke kwa kuruka. Mkono usikae mbele ya nozeli iliyolegezwa: shinikizo lake hutoboa ngozi. Kaza zote. Hita plagi sekunde 15. Kijana namweka kwenye koki.

Inawaka. Kijana anafungua koki papo hapo, na maji yanaanza kutapika kwenye ekzosi. Wanashangilia juu. Baada ya sekunde 20 inazima.

Taa ya oili imewaka. Naweka geji ya mkono na kuiwasha tena: 50 psi, shinikizo la oili linatosha. Waya wa swichi ya oili ndio umeoza kwenye kichwa chake. "Uunganishe moja kwa moja tuondoke," anasema kapteni. Nakataa. Swichi hiyo ndiyo inayoizima injini siku oili itakapokwisha kweli, usiku, kila mtu amelala. Kichwa kipya cha waya, kibanwe, grisi, dakika kumi.

Inasimama kwenye mizunguko 1500, volti 230, hezi 50. Friji kwanza, kisha kiyoyozi, nusu saa ikiwa na mzigo. Joto limetulia.

Saa 8 na robo, bei. "Oringi na kichwa cha waya tu, fundi, na unataka yote hayo?" Nusu napewa mkononi, nusu bosi atatuma jioni. Kwenye karatasi naandika kilichobaki: tangi limwagwe chini na ute utolewe, na kabla ya safari ijayo impela ivuliwe na mabawa yake yahesabiwe. Likipungua moja, lisiachwe, maana limekwenda kukwama kwenye mdomo wa kipoza joto na litafutwe huko.