Hija ya Namugongo Huanzia Munyonyo

Basi letu la mahujaji wa Namugongo, Uganda, walikochomwa Mashahidi wa Uganda mwaka 1886, liliondoka Bukoba alfajiri, wazee mbele, kwaya nyuma, na jua lilipoanza kukolea tulikuwa tumeshafika Mutukula. Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu, lakini haikumchosha mtu, maana karibu wote waliokuwamo walikuwa na rozari shingoni na safari yao ilikuwa moja na yetu. Ng'ambo ya mpaka ni migomba ile ile ya kwetu. Kyotera, Masaka, kisha Lukaya, ambako vijana hulikimbilia basi na mishikaki ya kuku na gonja, ndizi tamu za kuchoma. Baada ya hapo tukaanza kuwapita waliokuwa wakienda kwa miguu, makundi kwa makundi, bango la parokia likitangulia. Dereva alipiga honi kuwasalimu, na sisi tukawapungia mikono hadi wakapotea nyuma yetu.

Paroko wetu alikataa tusiende Namugongo moja kwa moja. "Tunaanzia Munyonyo," alisema, na namshukuru mpaka leo. Mhujaji anayeshukia Namugongo peke yake huukuta mwisho wa habari bila mwanzo wake.

Munyonyo iko kusini mwa Kampala, kando ya Ziwa Viktoria. Hapo ndipo Kabaka Mwanga wa Pili, mfalme wa Buganda, alipokuwa Mei 1886, akiwa bado kijana. Wengi wa watumishi wa ikulu yake walikuwa wamegeuka wasomaji, ndivyo walivyoitwa waliojifunza dini ya Kikristo. Kabaka aliona utii wao unamponyoka. Tena walimkatalia tamaa zake za mwili, na Karoli Lwanga, kiongozi wao, aliwakinga wadogo wasiguswe. Hasira ilimlipukia kwanza Dionisi Ssebuggwawo, aliyegundulika akimfundisha mwenzake katekisimu. Usiku ule, wakijua kitakachowapata kukicha, Lwanga aliwabatiza wakatekumeni wanne, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka 14 hivi.

Tulirudia ahadi zetu za ubatizo mahali hapo. Bibi mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, aliyekaa nami tangu Bukoba alivua viatu, akasimama pekupeku, na kila paroko alipouliza, alijibu "Ninasadiki" kwa sauti iliyotangulia ya sisi wengine. Nimeshaitikia maneno hayo kila Pasaka tangu utoto, na sikuwahi kuyasikia hivyo.

Wenye nguvu tuliendelea kwa miguu, tukikata jiji zima kwenda kaskazini mashariki, kati ya bodaboda na vumbi. Wenye maduka walitutolea maji. Mashahidi walipelekwa Namugongo wakiwa wamefungwa, baada ya Kabaka kuwahukumu kifo, na baadhi yao waliuawa njiani kabla ya kufika. Waliofika walisubiri karibu wiki nzima huku kuni zikikusanywa. Ni juma hilo la kusubiri linalonigusa kuliko moto wenyewe. Walikuwa na muda wa kutosha kubadili mawazo.

Jioni ya tarehe 2 Juni viwanja vya Namugongo vilikuwa vimejaa hadi mahali pa kukanyaga pakawa pa kutafuta. Watu walitandika mikeka na mablanketi nje, wengine wakikesha kwa nyimbo. Jirani yangu alikuwa mama wa Kenya, miguu imemvimba, anaikanda kwa maji ya chumvi.

"Pole mama, umetoka mbali?"

"Busia, mwanangu. Kwa miguu. Niliweka nadhiri mtoto wangu alipokuwa mgonjwa. Sasa amepona, nimekuja kushukuru."

Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa Uganda, na Misa huadhimishwa kwenye banda lililojengwa katikati ya kiziwa, waamini wakiwa wamezunguka kwenye miteremko. Nyuma yake ni basilika ya mviringo, umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, yenye nguzo 22 za shaba, moja kwa kila shahidi Mkatoliki aliyetangazwa mtakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Altare iko pale alipochomwa Lwanga, peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Wenzake waliviringishwa kwenye matete wakateketezwa pamoja siku hiyo hiyo, ambayo mwaka 1886 ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana. Mbaga Tuzinde alikuwa wa ukoo wa mkuu wa wauaji, Mukaajanga, aliyembembeleza aikane dini. Alipokataa, alipigwa shingoni kwanza, moto usimkute hai.

Baada ya Misa watu humiminika kuchota maji ya kuwapelekea wagonjwa nyumbani. Tulijaza madumu yetu pia, kisha nikawaomba wenzangu twende Nakiyanja, kwenye kituo cha Waanglikana, kilicho karibu. Wakatoliki wengi hawafiki huko, na wanakosa mengi. Mashahidi 23 wa Kianglikana ni ndugu wa hao wetu. Wengine waliungua nao kwenye moto ule ule. Sanamu zilizoko pale huonyesha namna walivyofungwa na kuchomwa, na vijana wetu wa kwaya walizitazama kimya kwa muda mrefu. Hapo paroko alitusimulia habari za vijana watatu waliotangulia wote, waliouawa Januari 1885 huko Busega. Inasimuliwa kwamba waliimba motoni kwa Kiswahili, wimbo wa "Kila siku tuusifu", kwa kuwa ibada ya mwanzo Buganda ilifundishwa sana kwa lugha yetu. Kwaya ikauimba pale pale, na Waganda waliokuwa karibu wakaitikia kwa Kiganda.

Kwa anayejiandaa kwenda: fika Kampala siku kadhaa kabla, maana barabara za Namugongo hufungwa kwa magari na ukaguzi mlangoni huchukua saa nyingi. Beba blanketi, kofia na dumu lako. Na Munyonyo usiiruke.