Kuunganisha mistari niliyoikata mwenyewe

Wiki ya kwanza

Nina faili za maandishi matupu zaidi ya 200: shajara, hadithi fupi, mashairi. Nyingi niliziandika zamani, nikibonyeza Enta kila mstari ulipokaribia herufi ya 72. Kwenye kompyuta zilipendeza. Kwenye simu kila mstari unakunjwa kwa kukosa nafasi, halafu unakatika tena pale nilipoukata mimi. Unapata mstari mrefu, vijineno viwili, mstari mrefu, vijineno viwili, hadi macho yanachoka.

Kihariri kinapokunja mstari hakigusi faili. Panua dirisha na maneno yanajipanga upya. Enta ni jambo jingine kabisa. Inapanda alama ndani ya faili, na alama hiyo itakaa palepale kwenye skrini ya upana wowote. Kwa hiyo naandika programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, iondoe alama zote nilizoziweka kwa ajili ya upana tu, na kuacha zile nilizoziweka kwa maana.

Toleo la kwanza: penye mstari mtupu, aya imeisha, ndani ya aya, kila mstari mpya unageuzwa nafasi. Shajara zimekaa vizuri sana.

Wiki ya pili

Git, programu ninayotumia kufuatilia mabadiliko ya faili, imedai kwamba faili moja imebadilika kila mstari, hata mahali ambapo sikugusa neno. Tatizo ni miisho ya mistari. Mashine za teletaipu, zile za zamani za kuchapa ujumbe uliotumwa kwa waya, zilihitaji amri mbili: alama namba 13 kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, na namba 10 kusogeza karatasi. Windows imebaki na zote mbili, mfumo wa Unix ulichukua 10 peke yake, na Mac za kabla ya Mac OS X zilitumia 13 peke yake. (Notepad ya Windows ilianza kuielewa 10 ikiwa peke yake mwaka 2018, kabla ya hapo faili kama hiyo ilifunguka kama mstari mmoja usiokwisha.) Python, isipoelekezwa vingine, husoma aina zote tatu na kukupa 10 tupu, ndiyo maana sikuona kitu. Sasa nafungua faili kwa newline='', yaani Python isibadili miisho, na kuandika upya kwa mwisho uleule niliokuta.

Wiki ya tatu

Niliiachia programu folda nzima, na mashairi yakageuka insha. Beti ya mishororo minne imekuwa aya moja, vina vimepotelea katikati. Nakala ninayo, lakini iliniuma kuiona.

Nimekaa siku mbili na swali hili: programu itajuaje kwamba mstari ulikatwa kwa makusudi? Jibu limo ndani ya maandishi yenyewe. Ukikata kwa sababu ya upana, unakata kwa kuwa neno linalofuata halikuenea. Basi chukua neno la kwanza la mstari wa chini, ulipime juu. Kama lingeenea na bado halikuwekwa, mwandishi alitaka mstari mpya. Mshororo wa mizani 16 mara nyingi hauzidi herufi 45, kwa hiyo nafasi huwa tele na programu inauacha. Orodha na anwani zimepona kwa kanuni hiyohiyo.

Ila mimi sikuwa nakata kwenye 72 kamili. Vitenzi vyetu ni virefu. Nikiona "walivyotufahamishia" inakuja, nilibonyeza Enta mapema, na wakati mwingine nikabadili sentensi baadaye. Nimeshusha kipimo hadi 62.

Wiki ya nne

Kushusha kipimo kumeharibu shairi moja: mshororo wa herufi 46, na wa chini yake unaanza na neno la herufi 16. Pamoja na nafasi ni 63, ukaunganishwa. Sasa kabla ya kupima neno, programu inatazama aya nzima. Kama hakuna mstari hata mmoja unaofika herufi 55, haigusi kitu. Mashairi yote yamesalimika.

Sijamaliza maneno niliyoyakata kwa kistari mwishoni mwa mstari. Kukifuta kistari ni rahisi, lakini katika maelezo yangu ya sarufi nimeandika viambishi kama -li- na -me-, na vingine vimeangukia ukingoni kabisa. Hivyo nitavipitia kwa mkono.