Kichwa cha Blackbeard

Jana usiku nilikuwa nishazima taa kabisa, afu nikashika simu nikasema dakika mbili tu, kuja kushtuka ni saa nane na mi bado nasoma habari za haramia aliyekufa mwaka 1718. Blackbeard. Miaka yote nilikuwa namjua kama zimwi fulani la baharini, mtu wa kuchinja meli nzima kabla ya chai, kumbe wanahistoria wengi wanasema hakuna ushahidi wa maana kwamba aliwahi kuua mtu yeyote kabla ya ile vita yake ya mwisho. Nikarudia kusoma mara mbili aisee.

Yaani jamaa kazi yake ilikuwa kutisha. Hata jina hatuna uhakika nalo, nyaraka zingine Edward Teach, zingine Thatch. Kitabu kilichotoka London mwaka 1724 ndo kinasema eti alikuwa anachomeka tambi za kuwashia mizinga, zinafuka moshi, chini ya kofia, ndevu kasuka na riboni, sasa we uko kwenye meli ya mizigo unaona kichwa kinakuja kinatoa moshi, utapigana kweli? Unafungua stoo mwenyewe. Mei 1718 alifunga bandari ya Charleston, huko South Carolina kwenye Marekani ya leo, akashika meli na watu, mji mzima roho juu, na alichodai ni sanduku la dawa. Dawa tu! Merikebu yake kubwa, Queen Anne's Revenge, ambayo kabla hajaiteka ilikuwa ya Wafaransa ya kubebea watumwa, ilikwama mchangani mwezi uliofuata huko North Carolina. Mabaki yake yalipatikana 1996, na moja ya vitu walivyopandisha juu ni bomba la sindano la matibabu ya ugonjwa wa zinaa. Hayo ndo maisha yenyewe ya uharamia, sio masanduku ya dhahabu.

Ila kifo chake sasa. Gavana wa Virginia, Spotswood, alimtuma Luteni Robert Maynard aende kumfuata Ocracoke, kisiwa cha North Carolina, ambako hata si koloni lake (huyu gavana nae mambo ya mipaka hayakumsumbua). Asubuhi ya Novemba 22, Maynard ana majahazi mawili yasiyo na mzinga hata mmoja, maji mafupi, wanakwama, wanatupa vitu baharini ili wanyanyuke. Blackbeard akawaachia mizinga ubavuni, kama watu 20 hivi wakafa au kuumia kwa mpigo mmoja. Hapo ndo Maynard akawaambia waliobaki wote shukeni chini, jificheni, juu akabaki yeye na wachache sana.

Blackbeard anasogea, anatupa chupa zilizojazwa baruti, moshi kila mahali, anachungulia anaona sitaha imejaa damu na haina watu. Akaona hawa wamekwisha, akaruka na watu wake. Na wale wa chini wakatoka.

Hapa ndo niliweka simu kifuani kidogo. Mtu ambaye maisha yake yote alishinda kwa kuwaonyesha watu kitu ambacho hakipo, moshi na ndevu, leo ni yeye anaonyeshwa sitaha tupu na anaamini. Sijui kama aliielewa ile janja kabla hajaanguka, maana hakuanguka haraka, Maynard mwenyewe alihesabu risasi 5 mwilini na majeraha 20 ya kukatwa.

Wakamkata kichwa wakakining'iniza kwenye ule mti unaotokeza mbele ya jahazi, wakarudi nacho. Mzigo waliokamata kwake ni sukari, kakao, pamba, nili (ile rangi ya bluu ya vitambaa), yaani kama duka la jumla. Lakini watu hawakutaka sukari, walitaka hazina, kwahiyo mpaka leo kuna wanaochimba, na kuna wanaosema wanaona taa usiku pale Ocracoke, ni yeye anatafuta kichwa chake.

Na ile maarufu kuliko zote, kwamba kiwiliwili kilipotupwa majini kiliogelea kulizunguka jahazi kabla ya kuzama. Wengine wanasema mara tatu, wengine mara saba. Mi swali langu ni moja, watu wametoka kwenye vita, wamelowa damu, wenzao wamelala chini, nani alikuwa amesimama pale pembeni anahesabu?