Donge lililotoroka bakulini

Jumamosi moja nilirudi nyumbani nikakuta unga unatembea juu ya meza ya jikoni. Sitanii jamani. Nilikuwa nimeacha donge la mkate kwenye bakuli, nimelifunika vizuri na kitambaa, nikatoka nikijua ndani ya saa moja nitakuwa nimerudi, mambo yakaingiliana huko nikarudi baada ya saa nne hivi, nakuta donge limenyanyua kitambaa, limemwagika pembeni, limeteremka ubavuni mwa bakuli na lipo njiani linaelekea ukingo wa meza. Mwanangu, wakati huo ana miaka mitano, alisimama mlangoni hakuingia, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, liko hai?"

Nikamwambia ndiyo, liko hai. Na sikumdanganya. Hamira ni fangasi wadogo sana wa seli moja, wanakula sukari inayotokana na wanga wa unga, wanatoa gesi ya kaboni dioksidi na kileo kidogo, ile gesi ndiyo inanasa kwenye utando wa gluteni, ile protini ya unga wa ngano inayovutika, na donge linavimba. Sasa siku hiyo nilikuwa nimewapa kila kitu wanachokipenda, joto, maji, unga wa kutosha na muda, na tulipokaa chini jioni na mume wangu tunajiuliza imekuwaje mbona wiki iliyopita halikufanya hivi, ndipo nikagundua kile kibakuli kidogo cha chumvi niliyoipima asubuhi bado kipo pale pale nyuma ya birika. Chumvi sikuweka kabisa!

Hapo ndipo nilipoelewa kumbe chumvi kwenye mkate haipo kwa ajili ya ladha peke yake. Inapunguza kasi ya hamira, alafu inakaza ile gluteni donge lisimame lisitanuke tanuke kama uji. Kipimo cha kawaida ni kama asilimia 2 ya uzito wa unga, yaani gramu 10 kwa gramu 500 za unga, kidogo tu hivyo, lakini ukiisahau unakuta donge limehama makazi. Tulilioka hivyo hivyo. Lilitoka limepauka na halina ladha kabisa, ukitafuna ni kama unatafuna kitambaa safi, ila mwanangu alikula vipande vitatu manake alikuwa anakula kitu ambacho saa chache zilizopita alikiona kinatembea.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mi nilianza haya mambo ya kutengeneza kila kitu mwenyewe kuanzia mwanzo kwa sababu moja tu, nilisoma maandishi ya nyuma kwenye kifuko cha mkate nikakuta orodha ndefu ya vitu, na mimi nilikuwa najua mkate ni unga, maji, hamira na chumvi. Vitu vinne. Nikasema vitu vinne vinanishinda nini. Na mpaka leo nasema hivyo hivyo, mkate ni vitu vinne, ila kila kimoja kina tabia zake na usipozijua kitakuonyesha.

Mkate wangu wa kwanza ulikuwa tofali. Nilikuwa naamini maji yakiwa ya moto hamira itaamka haraka, kwa hiyo nikachukua maji yaliyotoka kuchemka muda si mrefu nikamimina, nikasubiri povu, povu halikuja, nikasema labda litakuja huko mbele, nikakanda, nikasubiri saa mbili, donge limekaa vile vile kama lilivyolala, nikaoka. Mume wangu akachukua kisu cha mkate, kikateleza. Akachukua kingine. Mwisho alikata kwa kuusimamisha wima na kugonga, akachovya kwenye supu akala kimya kimya mpaka akamaliza, alafu akasema supu leo ni tamu sana. Nampenda huyu mtu.

Nikampigia mama. Mama hajawahi kumiliki kipimajoto maisha yake yote, akanisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Mwanangu, maji hayo ungeweza kumuogeshea mtoto mchanga?" Nikasema hapana mama, yangemuunguza. Akasema, "Basi na hamira umeiunguza." Na kweli, baadaye nilinunua kipimajoto nikawa napima, hamira inafurahia maji ya nyuzi 35 hadi 40 hivi, ukivuka 50 inaanza kufa na ukifika 60 hakuna kitu hapo, umepika supu ya hamira. Kile kipimajoto kinasomeka vizuri sana lakini mpaka leo kabla sijakitumbukiza huwa natia kiwiko kwanza, na mara nyingi kiwiko na kipimajoto vinakubaliana.

Kitu kingine kinachonikera, nitakisema tu: mapishi yanayoandikwa "acha donge kwa dakika 45". Dakika 45 wapi, kwenye jiko lenye joto kiasi gani? Donge halina saa. Mwandishi aniambie nisubiri mpaka liongezeke mara mbili, aniambie nibonyeze na kidole chenye unga, shimo likirudi haraka bado, likirudi taratibu na kubakiza alama kidogo tayari, likibaki shimo bila kurudi nimechelewa. Hiyo ndiyo lugha ya mkate. Na vikombe pia, kikombe kimoja cha unga ukikichota kwa kushindilia na ukikijaza kwa kunyunyiza na kijiko tofauti yake inaweza kufika gramu 30, sasa zidisha kwa vikombe vinne uone kama huo bado ni mkate ule ule. Nunueni mizani jamani. Kwenye vifaa vyangu vyote vya jikoni, mizani ndiyo iliyonisaidia kuliko vyote.

Haya, siku ya siagi. Hii naipenda sana kuisimulia.

Wageni walikuwa wanakuja jioni, nikaoka keki, nikasema juu nitaweka krimu ya kupiga, naitengeneza mwenyewe. Krimu ilikuwa nzuri, ya mafuta asilimia 35, imelala friji usiku kucha, bakuli nalo nikalipoza, kila kitu sawa. Nikaanza kupiga na mashine, ikaanza kushika, michirizi ikaanza kuonekana, na hapo hapo simu ikaita, dada yangu, ana habari ndefu, nikabana simu na bega nikaendelea kupiga huku namsikiliza, naitikia ee, ee, alafu nikasikia mlio wa mashine umebadilika, kitu kinapiga ploti ploti, na maji meupe yananirukia usoni. Natazama bakulini, krimu hakuna. Kuna mabonge ya njano yanaelea kwenye maji maji. Nikamwambia dada ngoja, krimu yangu imeharibika, nikamweleza ilivyo, akacheka mpaka akakohoa akasema haijaharibika wewe, hiyo ni siagi!

Na ilikuwa siagi kweli. Ndani ya krimu kuna matone madogo madogo ya mafuta, kila tone limevishwa kiwambo chake chembamba, unapopiga hivyo viwambo vinaanza kupasuka na matone yanashikana kidogo kidogo kuzunguka mapovu ya hewa, hapo ndipo krimu inasimama. Ukipitiliza, matone yanashikana moja kwa moja, hewa inatoka, maji yanatengwa, na hakuna njia ya kurudi nyuma. Dada akabaki kwenye simu ananielekeza, chuja, weka kwenye maji ya baridi sana, ikandekande, mwaga maji, weka mengine, rudia mpaka maji yatoke safi, manake yale maziwa yakibakia ndani siagi inachacha upesi. Nikatia chumvi kidogo. Kuanzia hapo jioni ile haikuwa tena ya keki, wageni walikuta mkate wa moto (wenye chumvi safari hii) na siagi iliyozaliwa dakika 40 kabla hawajafika, keki ikaliwa kesho yake bila krimu na hakuna aliyeiulizia.

Mayonezi nilifeli mara tatu mfululizo na kosa lilikuwa lile lile mara zote tatu, haraka. Unachukua kiini cha yai, haradali kidogo, ndimu au siki, alafu mafuta tone kwa tone, na ninaposema tone namaanisha tone, siyo kijiko, angalau mpaka ianze kuwa nzito, baadaye unaweza kumimina uzi mwembamba. Kiini kina lesithini, ambayo upande mmoja unashika mafuta na upande mwingine unashika maji, ni kama mtu anayeshikana mikono na watu wawili wasiopatana, sasa ukimletea watu mia kwa mpigo mikono inamwisha. Yangu ilikuwa inakatika, mafuta huku, kiini kule. Nilimwaga mbili. Ya tatu sikumwaga, nikaweka kiini kipya kwenye bakuli safi, nikampa mwanangu kijiko, nikamwambia wewe mimina ile iliyoharibika kidogo kidogo mimi napiga, na yeye ana subira kuliko mimi kumbe, alimimina kwa ulimi umetoka nje pembeni mwa mdomo, tone, tone, tone, na ikashika. Ikawa nzito, inang'aa, nzuri mno. Hizo mbili nilizomwaga zinaniuma mpaka leo manake zote zingeokoka kwa kiini kimoja kimoja tu. Halafu kumbukeni yai pale ni bichi, tumieni mayai mapya mnayoyaamini, ikae friji na isikae siku nyingi.

Karameli nitaipitia haraka kwa sababu ile kidogo inatisha. Sukari ikiyeyuka ikawa rangi ya kahawia inakuwa imefika nyuzi 170 na kitu, na mimi niliimiminia krimu ya baridi yote kwa mkupuo kwenye sufuria ndogo. Maji yaliyomo kwenye krimu yakageuka mvuke papo hapo, mchanganyiko ukapanda kama mlima, nikaruka nyuma, nusu ikamwagikia jiko. Sikuungua, namshukuru Mungu. Sasahivi natumia sufuria kubwa mara mbili ya ninavyodhani inahitajika, krimu naipasha moto kwanza, na watoto hawakai karibu, hiyo haina mjadala. Ile sukari iliyoganda kwenye sufuria niliikwangua na kisu kwa nusu saa nzima kabla mama hajaniambia kwenye simu, "Jaza maji, chemsha, kaa chini." Dakika kumi sufuria ikawa safi. Ni sukari tu ile, inayeyuka.

Alafu kuna ule mlio wa usiku.

Baada ya kupata moyo na mkate wa hamira ya dukani nikataka kulea chachu yangu mwenyewe, ile ya unga na maji tu. Gramu 50 za unga, gramu 50 za maji, koroga, acha, kesho punguza, ongeza unga mpya na maji mapya. Siku ya pili ikavimba vizuri ajabu, nikafurahi, nikasema mdudu asiingie, nikakaza kifuniko cha chupa ya kioo kwa nguvu zangu zote. Saa nane za usiku, PAA! Mume wangu aliruka kitandani, mimi nikaruka, mtoto akaja mbio. Kifuniko tulikikuta juu ya kabati, na ukutani kuna mchirizi mrefu wa uji mweupe mpaka darini. Tulibahatika kifuniko ndicho kilichoachia, ingekuwa kioo tungezungumza mengine. Gesi lazima ipate pa kutokea, kifuniko kinalazwa tu juu, hakikazwi.

Na sasa hapa naomba mnisikilize vizuri nyie mnaoanza kulea chachu, kwa sababu ndipo wengi wanapokata tamaa. Ile iliyobaki chupani siku ya nne ilinyamaza kabisa. Hakuna povu, hakuna kitu, inanuka vibaya vibaya, nikawa nimeshaishika niitupe. Kumbe lile vimbo la siku ya pili mara nyingi siyo hamira, ni bakteria wengine waliotangulia, wanatoa gesi nyingi, alafu tindikali inapoongezeka wao wanashindwa na wanapisha wale tunaowataka, na hapo katikati panakuwa na siku kadhaa za kimya. Haijafa. Inabadilishana zamu. Endelea kuilisha. Yangu iliamka siku ya tisa, harufu imekuwa ya matunda matunda na uchachu wa mtindi, na ndani ya saa tano ikapanda mara mbili.

Nilimfundisha mwanangu kufunga mpira wa nywele kwenye chupa, usawa ule ule ilipo chachu baada ya kulishwa, ili tuone imepanda kiasi gani. Alichagua mpira wake wa rangi ya pinki na hataki ubadilishwe. Sasahivi ana miaka saba, kila asubuhi kabla hajapiga mswaki anapita jikoni kwanza, anainama usawa wa meza, anaangalia, alafu anapiga kelele kutoka huko, "Imepita mpira!" au "Bado, imelala," na mimi nikiwa bado kitandani ndiyo najua kama leo tunaoka.