Nani Kafariki?

Jana baada ya Isha mtoto wa kaka yangu, yule anayesoma chuo Tunguu, kaniletea ujumbe: "Shikamoo shangazi. Nitafutie miziki ya kutisha, ile ya ajabu ajabu, lakini awemo mtu anayeimba. Ya ala tupu hainishiki." Hakueleza ya nini, nami sikumwuliza. Anajua mlango anaobisha. Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayesemwa nina "miziki ya majini", na sifa hiyo imeanzia kwa jirani.

Mimi nashona kofia za viua. Ni kazi ya usiku, watoto wakishalala, na mkono ukishazoea kutoboa na kuzungushia uzi, sikio hubaki halina la kufanya. Kwa hiyo nasikiliza. Nimesikiliza mengi ambayo mtu wa Kikwajuni, hapa Unguja, hana sababu yoyote ya kuyajua.

Usiku wa kisa chenyewe iafoni zilikuwa zimeshakufa upande mmoja. Nikaitia simu ndani ya bakuli tupu la bati ili sauti ikue, nikafungulia Lux Aeterna ya mtunzi György Ligeti, ya mwaka 1966. Ni sauti kumi na sita, ala hakuna hata moja. Zinaanza za kike kwenye noti moja, pole pole, kisha kila mmoja anashika njia yake. Maneno ni yale yale na mwendo ni ule ule, lakini huyu katangulia, yule kachelewa, mwengine kaivuta silabi moja mpaka umeshasahau ilianzia wapi. Baada ya dakika mbili humsikii tena mtu yeyote. Unasikia wingu. Haikufika hata katikati, nikasikia hodi. Jirani huyo mlangoni, kanga kichwani, uso umemshuka.

"Mama Rahma, nani kafariki?"

Alidhani kwetu kunasomwa khitma. Nilicheka, nikamkaribisha chai ya tangawizi, akaenda zake kwao ameona haya. Niliporudi kwenye kofia kicheko kikaniishia, maana alikuwa amesikia sawa. Kwenye khitma watu wamejaa chumbani, kila mmoja na juzuu yake, wote wanasoma kwa wakati mmoja kwa sauti ya chini. Ukiwa nje ya dirisha huokoti neno hata moja, unapata uvumi tu kama wa nyuki. (Wazee wangu msinielewe vibaya. Kisomo si muziki, na cheo chake sikilinganishi na kitu. Nazungumzia sikio la aliye nje ya dirisha.) Na maneno ya Ligeti ni ya Kilatini, yametoka kwenye misa ya Kikatoliki ya kuwaombea wafu. Jirani yangu hajui Kilatini, wala jina la Ligeti hajapata kulisikia. Kauliza swali lililo sahihi kabisa.

Ligeti mwenyewe alikuwa Myahudi wa Transylvania. Baba yake na mdogo wake wa kiume walifia kwenye kambi za Wanazi. Wengi wameisikia miziki yake bila kujua, kwa kuwa Stanley Kubrick aliitia kwenye ile filamu yake ya anga ya mwaka 1968, na pale linapotokea lile jiwe jeusi inalia kazi yake nyingine, Requiem. Jiwe lingekuwa kimya lisingemtisha mtu.

Tangu siku ile nikapata kipimo. Muziki unaonisimamisha malaika ya mwili ni ule ambao nikijiuliza "nani anaimba hapa?" jibu linaniponyoka. Mayowe hayanifanyi hivyo. Mtu anayepiga yowe namjua aliko. Diamanda Galás wa Marekani, kwa mfano, ana koo la kutoboa ukuta, na ile Plague Mass yake ya 1991, aliyoirekodi ndani ya kanisa kubwa la New York kwa ajili ya waliokufa kwa UKIMWI, akiwemo nduguye, namstahi nayo sana. Lakini kwangu ile ni hasira, na hasira ina mwenyewe. Nimemwambia kijana aisikilize mchana.

Ya kwanza niliyomtumia haina maneno. Blind Willie Johnson alikuwa kipofu wa Texas, mwimbaji wa nyimbo za dini. Tarehe 3 Disemba 1927, mjini Dallas, aliimba wimbo wa zamani wa kanisani unaosimulia usiku wa Nabii Isa, kwa masimulizi yao, kule bustanini kabla ya kukamatwa. Wimbo ulikuwa na beti zake. Yeye akaziacha zote, akabaki anaguna na kulalama juu ya gitaa kwa dakika tatu na kitu. Sindano yangu husimama kila mara pale sauti yake inapopanda nusu, ikasita, ikarudi chini. Mwaka 1977 Wamarekani wakaiweka ile rekodi kwenye sahani za dhahabu walizozipakia ndani ya vyombo viwili vya Voyager. Sasa vyote viwili vimeshazipita sayari zote, na mzee bado anaguna.

Sahani hiyo hiyo ina wimbo mfupi wa unyago wa wasichana wa Kimbuti, wa kule iliyokuwa Zaire. Nilipojua hilo nilimkumbuka Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliyetutoka Aprili 2013. Sauti yake kavu na ngoma mapajani, hiyo nayo ingefaa kupelekwa huko. Nyimbo zake za taarab nimemtumia kijana. Za unyago hapana, na kwangu hatazipata, chuo kikuu au si chuo kikuu.

Kisha nikamtumia Siti binti Saad, na hapa najua atabisha. Atasema, shangazi, hii ni taarab, inatisha nini? Nyimbo zenyewe hazikukusudiwa kumtisha mtu. Ni mapenzi, ni vijembe, ni habari za mji. Lakini asikilize ile sahani yenyewe. Siti, mtoto wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928, miezi michache tu baada ya yule kipofu wa Dallas, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba kwenye santuri. Ukizisikiliza leo unasikia kwanza mchakarisho, kama samaki anayekaangwa chumba cha pili, halafu nyuma ya mafuta yale anatokea mwanamke. Hatoki karibu. Anaimba kana kwamba amesimama upande wa pili wa ukuta wa chokaa na wewe huna mlango. Akizima taa kwanza atanielewa.

Kuna na Alessandro Moreschi, towashi aliyeimba kwenye kanisa la Papa, ndiye pekee wa aina yake aliyebakisha rekodi za peke yake, za Roma, 1902 na 1904. Si sauti ya mwanamke, si ya mtoto, si ya mwanamume. Nilimsikiliza mara moja, nikaona huruma zaidi kuliko hofu, nikaiacha. Wanawake wa Bulgaria wanaoimba kwa kugusanisha noti mbili zilizokaribiana mpaka zikatetana, hao wazuri, ila usiku wa tatu unawazoea. Na kikundi cha Huun-Huur-Tu cha Tuva, kule Urusi, ambako koo moja hutoa mngurumo na filimbi kwa pamoja, nimemtumia bila maelezo. Nataka amtafute mwenyewe mpiga filimbi.

Iliyobaki ni ya Castelsardo, na hii ndiyo niliyokaa nayo mpaka saa nane usiku.

Castelsardo ni mji mdogo wa pwani kwenye kisiwa cha Sardinia, Italia. Katika Wiki Takatifu yao wanaume wanne husimama duara, wamekaribiana mabega, karibu midomo igusane, wakaimba kwa sauti nne. Wanne tu. Lakini wakipatana sawasawa anasikika wa tano. Ni sauti nyembamba, juu ya zao zote, ya kike, na haitoki kwenye kinywa cha yeyote kati yao. Wenyewe wanaiita quintina, na wapo wanaosema ni Bi Maryam. Wataalamu wa sauti wana maelezo yao: kila sauti hubeba ndani yake sauti nyingine nyembamba zinazopanda ngazi juu yake, na za wanne hawa zikigongana mahali pamoja, sikio linamsikia mtu. Maelezo nimeyaelewa. Nikirudia rekodi, namsikia tena, na nywele zinanisimama vile vile.

Mara ya kwanza kumsikia nililia, na si kwa ajili ya Sardinia.

Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja. Waya unaotoka Bara kwa chini ya bahari huingilia Fumba, Fumba hiyo hiyo ya Siti, na ulipoharibika tulikaa gizani mpaka Machi. Miezi mitatu. Maji ya kuchota, chakula cha kupika cha kumaliza siku hiyo hiyo, majenereta ya maduka yakinguruma Darajani kutwa. Marehemu bibi, mtu wa Makunduchi, alikuwa kaletwa mjini kwetu kwa matibabu, na usiku akikaa uani akisuka ukili. Giza halikumsumbua, vidole vyake vilikuwa vinauona mkindu. Nami nalala kwenye mkeka pembeni yake kwa sababu ya joto.

Jirani wa nyuma alikuwa na kijenereta cha kuendeshea friji. Kilitukera wote isipokuwa bibi. Alikuwa na tabia ya kuimba amefumba mdomo, na usiku mmoja nikagundua kwamba anakifuata. Anaishusha sauti kidogo, anaipandisha kidogo, kama mtu anayetia uzi kwenye tundu la sindano, mpaka ikakaa pale pale palipokaa mngurumo. Ikikaa, hewa yote ya uani inaanza kutetema. Ndipo nikamsikia wa tatu. Mwembamba, juu kabisa, anakuja na kuondoka, kama mtoto anayeimbia kisimani.

"Bibi, nani huyo?"

Hakunijibu, wala hakunyamaza. Alinigonga goti kwa kidole kimoja, mara mbili: tulia.

Nikatulia. Sijui ilikuwa muda gani. Ukili uliendelea, nausikia ukikwaruzana. Kisha jirani akazima mashine yake, na yule wa juu akakatika pale pale, kama aliyefungiwa mlango. Bibi akaimba peke yake pumzi mbili tatu, akaacha.

"Kenda zake," akasema, kwa sauti ile ile ambayo angemsemea mtu aliyekuja kukopa chumvi, akaniomba nimsogezee mkindu.

Hiyo hakuna aliyeirekodi, kwa hiyo kijana hawezi kuipata. Asubuhi nimekuta jibu lake, kaliandika saa tisa usiku: "Shangazi ahsante. Ile ya kipofu mwenzangu wa chumba kaniomba niizime. Za Italia bado sijazifungua. Una nyengine?"

Ninazo. Ngoja kwanza nimalize kofia ya mtu, anaitaka Ijumaa.