Espreso ya nyumbani: kisagio kwanza, mashine baadaye

Wengi wanaoanza espreso nyumbani hununua mashine, halafu pakiti ya kahawa iliyosagwa dukani, halafu wanalalamika kwamba mashine ni mbovu. Mara nyingi mashine haina kosa. Maji yanayosukumwa kwa presha ya bar 9 yakikuta kahawa iliyosagwa nene yanapita tu, na ndani ya sekunde 10 kikombe kimejaa kitu chepesi, chachu, kisicho na povu. Kinachoyazuia maji ni kahawa yenyewe, na kinachoiwezesha kuzuia ni usagaji. Ndiyo maana katika kila bajeti hapa chini, isipokuwa ile ndogo kabisa, naanza na kisagio, hata kama mwenye pesa angependa kuanza na kile kinachong'aa mezani.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: gramu 18 za kahawa kavu, gramu 36 za espreso kikombeni, sekunde 25 hadi 30 tangu uwashe pampu, maji ya nyuzi 90 hadi 96. Pima kwa gramu, si kwa mililita, kwa sababu povu linadanganya macho. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haitoshi. Tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Gramu moja ikizidi au kupungua kwenye kichujio, muda unabadilika kwa sekunde kadhaa na utabaki unatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Mwenye laki moja ya Tanzania anunue moka, lile birika la alumini la vyumba viwili ambalo Alfonso Bialetti alilileta sokoni Italia mwaka 1933. Niseme mapema kwamba kinachotoka humo si espreso. Presha ya moka ni bar 1 hadi 2, kwa hiyo usisubiri krema, lile povu zito linalokaa juu ya espreso. Lakini ni kahawa nzito, inachanganyika vizuri na maziwa, na ikitengenezwa sawasawa inaishinda espreso mbaya ya mashine ya laki nne. Jaza maji yaliyokwisha chemka hadi chini kidogo ya vali ya usalama, usiifunike. Jaza kahawa kwenye kichujio chake mpaka ukingoni, sawazisha kwa kidole, usishindilie. Funga kwa kitambaa maana chumba cha chini ni cha moto, weka kwenye jiko kwa moto mdogo, kifuniko wazi. Kahawa ikianza kupanda polepole, tazama rangi: ikishaanza kupauka na kutoa mlio wa kukoroma, ondoa, chovya tako la birika kwenye maji baridi. Uchungu ambao watu huulalamikia kwenye moka hutoka hapo mwishoni, wakati mvuke mtupu unapita kwenye kahawa iliyokwisha toa kilicho kizuri. Na ukianza na maji baridi, kahawa inakaa juu ya chuma cha moto muda wote maji yanapotafuta kuchemka.

Sasa kisagio. Blenda na visagio vya visu havifai kwa espreso, kwa sababu vinakata ovyo: vumbi na vipande vinakaa pamoja. Vumbi linatoa uchungu, vipande vinatoa uchachu, na kikombe kinakuwa na vyote viwili. Unahitaji kisagio cha meno ya mviringo, na kwa bajeti ndogo cha mkono kinakupa thamani kubwa kuliko cha umeme cha bei hiyo hiyo. Angalia hatua zake, yaani ile milio unayoisikia ukizungusha kirekebisho cha ulaini. Kwenye espreso, tofauti ndogo sana ya ulaini inasogeza muda kwa sekunde nyingi, hivyo kisagio ambacho kila mlio mmoja unarukia mbali kitakupa sekunde 18 au sekunde 45, katikati hakuna. KINGrinder K6 husogea mikroni (sehemu za elfu za milimita) 16 kwa mlio, 1Zpresso J-Ultra mikroni 8, vyote vinatosha. Timemore C2, ambacho wengi hukipenda kwa kahawa ya kuchuja, hatua zake ni pana mno kwa kazi hii. Gramu 18 kwa mkono ni kama dakika moja ya kuzungusha, zaidi kidogo kahawa ikiwa imekaangwa kidogo, maana punje zake ni ngumu.

Ukiwa na laki sita au saba, kabla ya usafiri na ushuru, nunua kisagio cha namna hiyo pamoja na mashine ya mkono: Flair, au ukiweza kuongeza, Cafelat Robot. Hazina pampu, hazina boila (tangi la kupashia maji), hazina waya. Unamimina maji ya moto, unavuta wenzo, na presha inatoka mabegani. Hakuna upungufu wowote hapo: mashine za Achille Gaggia za Milano mwishoni mwa miaka ya 1940, ambazo ndizo zilizoleta krema, zilisukuma maji kwa springi na wenzo. Umeme ukikatika, jiko la gesi linatosha.

Adui wa mashine hizi ni ubaridi wa chuma. Maji ya nyuzi 98 yakiingia kwenye silinda ya baridi yanashuka papo hapo, na espreso inatoka chachu hata kama ulisaga vizuri. Pasha silinda kwa maji yanayochemka, mwaga, rudia, ndipo utengeneze. Hapa mahali unapoishi pana maana. Dar na Mombasa maji huchemka nyuzi 100. Moshi karibu 97. Nairobi karibu 94. Mtu wa Nairobi amwage maji moja kwa moja kutoka kwenye birika bila kusubiri. Mtu wa Dar anayetumia kahawa iliyokaangwa sana asubiri nusu dakika. Vuta polepole mwanzoni, bar 2 au 3, mpaka matone ya kwanza yaonekane chini ya kichujio, kisha panda hadi bar 8 au 9, na mwishoni achia mkono ushuke wenyewe.

Kuna zile mashine ndogo za umeme za laki tatu hadi tano, zinazokuja na kichujio chenye kuta mbili na tundu moja dogo chini. Tundu hilo ndilo linalotengeneza presha, si kahawa, na povu lake ni hewa tu. Ukinyimwa chaguo jingine, inafanya kazi na kahawa ya pakiti. De'Longhi Dedica angalau inakubali kichujio cha kawaida cha milimita 51 kinachouzwa kando. Ukiweka hicho pamoja na kisagio kizuri, inakuwa mashine nyingine.

Kwenye milioni mbili, chaguo la busara bado ni Gaggia Classic pamoja na kisagio cha mkono kile kile. Mpini wake, ule unaobeba kichujio, ni wa milimita 58, kipimo cha mashine za mahotelini, hivyo vipuri na vichujio vinapatikana, na inafunguka kwa bisibisi. Ila ijue. Taa ya utayari huwaka ndani ya dakika chache lakini mpini bado ni wa baridi. Acha dakika 15 hadi 20 mpini ukiwa umefungwa mahali pake. Boila lake ni dogo na thamostati inaruhusu joto lipande na kushuka sana, kwa hiyo toa maji mpaka taa izime, subiri iwake tena, ndipo utengeneze, na fanya hivyo hivyo kila mara. Matoleo ya zamani yalitoka kiwandani na presha iliyozidi bar 9. Springi ya vali inayopunguza presha hubadilishwa kwa bei ndogo na tofauti utaionja. Ukiinunua iliyotumika, kagua kibandiko cha nyuma: za Marekani ni volti 120, na umeme wetu wa 230 au 240 utaichoma siku ya kwanza.

Juu ya hapo ni mashine za boila mbili. Zinaokoa muda wa mwenye kutengeneza kapuchino za watu watano. Kwa espreso moja ya asubuhi, siioni faida inayolingana na bei.

Kazi halisi iko kwenye kichujio. Dondoshea punje tone moja la maji kabla ya kusaga ili unga usirukeruke. Saga, mimina, halafu chambua mabonge kwa sindano nyembamba nne au tano zilizochomekwa kwenye kizibo: zungusha kuanzia chini kabisa kwenda juu mpaka unga ulale sawa. Shindilia mara moja, wima, mpaka uhisi kahawa imegoma. Nguvu ya ziada haisaidii. Kishindilio kikiinama ndicho kinachoharibu, kwa sababu maji hufuata upande mwembamba, yanatoboa njia yake na kuiacha kahawa nyingine kavu. Ukiona mrija mmoja umepauka mapema huku mwingine mweusi, au matone yanaruka pembeni, rudi kwenye sindano kabla hujagusa kisagio.

Ikiwa mtiririko ni sawa ila muda umekosea, sogeza usagaji tu, vingine uviache. Sekunde 15 na uchachu unaokunja taya: saga laini zaidi. Sekunde 45 na ukakasi unaobaki ulimini: saga nene zaidi. Muda ukiwa sawa na ladha bado chachu, acha espreso nyingi zaidi itoke kikombeni, gramu 40 au 45 badala ya 36. Kahawa ya Nyeri au Kirinyaga iliyokaangwa kidogo karibu kila mara inataka hivyo, pamoja na maji ya moto zaidi. Kwa anayeanza ni kahawa ngumu. Ya Kilimanjaro au Mbinga iliyokaangwa wastani inasamehe zaidi. Anayetaka povu zito na mwili, achanganye gramu 3 za robusta ya Kagera au ya Uganda kwenye 15 za arabika, akijua kwamba robusta ina kafeini karibu mara mbili.

Tafuta tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti, si ya kuisha. Kahawa ya siku 2 bado inatoa gesi nyingi na mtiririko wake haushikiki. Siku 7 hadi 14 ndipo inapotulia, na baada ya mwezi na nusu hivi povu linaanza kutoweka na itabidi usage laini zaidi kila siku. Kilo ikiwa nyingi, igawe kwenye vifuko visivyopitisha hewa na ugandishe.

Maji ya kisima ya pwani, yenye chumvi chumvi, usiyatie kwenye mashine yenye boila kabisa. Yanaacha ukoko na kula chuma. Maji ya chupa yenye madini kiasi yanafaa. Ukoko ukishajengeka, gramu 20 za ndimu ya unga kwenye lita moja ya maji zinautoa. Kwenye boila la alumini usiache dawa hiyo zaidi ya nusu saa, kisha pitisha matangi mawili ya maji safi. Kila baada ya kutengeneza, gonga machicha yatoke, pitisha maji sekunde 3 bila mpini, futa mpira wa pale mpini unapofungwa. Mpira huo ukianza kuvuja pembeni wakati wa presha, umekauka, na kuukaza mpini kwa nguvu kutauvunja tu, badilisha.